Filamu mbili zilizotutazama kutoka angani

Aprili 1960, Oscar ya filamu ndefu ya hali halisi ilikwenda kwa kazi iliyopigwa kwenye nyika ambayo mkono wake wa magharibi unafika Ndabaka, wilayani Bunda, karibu kabisa na maji ya Ziwa Victoria. Filamu hiyo ni Serengeti darf nicht sterben ya Bernhard Grzimek, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, aliyeitengeneza pamoja na mwanawe Michael. Machi 2006, miaka 46 baadaye, filamu ya ziwa lenyewe ilikuwa katika tano bora za tuzo hiyohiyo. Hii iliitwa Darwin's Nightmare, ya Mwaustria Hubert Sauper, na ilipigwa Mwanza.

Mkoa wa Mara umekaa katikati ya filamu hizi mbili. Mtu wa Kiriba anayetega nyavu za sangara, na shemeji yake wa Bunda ambaye mahindi yake yameliwa na tembo, wanaishi ndani ya zote mbili. Lakini hukumu zote za kazi hizi, kuanzia tuzo na sifa hadi lawama na kesi, zilitolewa mbali nasi.

Akina Grzimek walikuja na ndege ndogo aina ya Dornier iliyopakwa mistari ya pundamilia. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kuhesabu: walirusha ndege chinichini juu ya mbuga na kuandika idadi ya nyumbu, pundamilia na swala, wakapata zaidi ya wanyama 360,000. Walitaka kujua makundi yale yanahamia wapi, kwa sababu serikali ya kikoloni ilikuwa inachora upya mipaka ya hifadhi. Mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa na Serengeti, na Wamasai waliokuwa wakiishi ndani ya hifadhi wakahamishiwa huko. Tarehe 10 Januari mwaka huohuo, tai aligongana na ndege aliyokuwa akiirusha Michael, nayo ikaanguka. Michael alikuwa na umri wa miaka 24, akazikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Filamu ilipotoka, watazamaji wa Ujerumani walikuwa wanajua kwamba baba aliyeitengeneza amempoteza mtoto katika kazi hiyohiyo, na ni vigumu kuitazama kwa moyo mkavu.

Ukiichambua kama skripti, muundo wake ni rahisi. Wahusika wakuu ni nyumbu, adui ni mwindaji mwenye mitego ya waya, na mwokozi ni rubani. Waikoma, Wanata, Waissenye na Waikizu, ambao mababu zao waliwinda, walilima na kutambika katika nyika ya magharibi, hawapewi nafasi ya kueleza kitu. Uhakiki wa maana wa picha hiyo ya nyika isiyo na wenyewe ulichelewa sana. Mwaka 2007 mwanahistoria Jan Bender Shetler alitoa kitabu Imagining Serengeti, kilichojengwa juu ya masimulizi ya wazee wa Mara, na humo nyika ileile ina majina ya koo, mahame na sehemu za matambiko. Kwangu mimi kitabu hicho ni jibu zito kwa filamu ya Grzimek, ingawa hakikuandikwa kama uhakiki wa filamu.

Sauper alifika wakati ziwa limekwisha kubadilika. Sangara alipandikizwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na katika miaka ya 1980 akaongezeka kwa kasi ya kutisha huku aina nyingi za furu zikitoweka. Viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza na Musoma, na soko kubwa likawa Ulaya. Soko hilo lilikuwa na kigeugeu: mwishoni mwa miaka ya 1990 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wetu zaidi ya mara moja, ikiwemo mwaka 1999 kwa hofu ya sumu, na kila katazo lilishusha bei hadi kwenye mwalo.

Filamu ya Sauper inafunguka na kivuli cha ndege kikiteleza juu ya maji. Kisha tuko kwenye mnara wa kuongozea ndege wa Mwanza, ambako mwongozaji anahangaika kuua mdudu dirishani. Hakuna msimulizi. Sauper anarudia swali moja kwa kila anayemkuta: ndege hizi kubwa za Ilyushin, zinazoondoka na minofu, huja na nini? Mmoja anasema huja tupu, mwingine anacheka, mwingine anakwepa. Karibu na mwisho rubani mmoja anakiri kwamba aliwahi kupeleka silaha Angola na kurudi Ulaya na zabibu kutoka Afrika Kusini, na anapozungumzia watoto sauti yake inakatika. Katikati ya hayo tunamwona mlinzi wa usiku anayelinda taasisi ya uvuvi kwa mishale ya sumu, tunaona samaki wa plastiki anayeimba ukutani kiwandani, na tunaona watoto wa mitaani wakivuta moshi wa vifungashio vilivyoyeyushwa.

Tuzo zilianza kumiminika mapema: Venice Septemba 2004, tuzo ya filamu bora ya hali halisi ya Ulaya mwezi Desemba, César ya Ufaransa Februari 2006. Kwenye Oscar, hata hivyo, aliyefuatilia msimu ule hakuhitaji ramli. March of the Penguins ya Luc Jacquet ilikuwa imeingiza zaidi ya dola milioni 70 Marekani peke yake, na usiku wa tarehe 5 Machi ikashinda. Hapo ndipo ninapoona historia ya 1960 ikijirudia. Wapiga kura walipoletewa wanyama wasio na watu, waliwapenda. Walipoletewa samaki na watu wanaomvua, wanaomchuna na wanaokula mabaki yake, waliiteua filamu lakini hawakuipa tuzo. Pengwini ni filamu nzuri, sibishi. Ila anayetaka kutabiri Oscar za hali halisi asiidharau nguvu ya mnyama anayelea watoto wake kwenye baridi.

Huku kwetu wengi tulisikia hukumu redioni kabla ya kuiona filamu yenyewe. Mwishoni mwa Julai 2006 Rais Jakaya Kikwete, akihutubia Mwanza, aliishutumu kwamba imelichafua jina la nchi na kuumiza biashara ya samaki. Bungeni nako ikalaaniwa. Agosti, mwandishi wa habari Richard Mgamba, ambaye ndani ya filamu anazungumzia silaha, alikamatwa. Ufaransa, mwanahistoria François Garçon alikuwa ameanza kuishambulia kwenye jarida la Les Temps Modernes, kisha akaandika kitabu kizima. Sauper alimshtaki kwa kumchafulia jina; mahakama ya Paris ikampa ushindi mwaka 2008, na rufaa ya Garçon ikagonga mwamba mwaka 2009.

Garçon, pamoja na kushindwa mahakamani, aligusa jambo moja la kweli kuhusu uhariri. Filamu haituonyeshi hata bunduki moja ikishushwa Mwanza. Hoja ya silaha imejengwa kwa kupanga vipande: ndege, kisha kichwa cha habari, kisha uso wa rubani, na mtazamaji anaunganisha mwenyewe. Ni ufundi halali, lakini asiyeujua atadhani ameona ushahidi. Rais naye aliipokea kama taarifa ya biashara iliyokosewa takwimu. Pande zote mbili zilikuwa zinagombania ukweli wa mambo bila kutenganisha kilichopigwa picha na kilichopangwa mezani kwa mhariri.

Kipande kilichozua ugomvi mkubwa ni cha mapanki, yaani mabaki ya samaki baada ya minofu kuondolewa. Mwanamke anatembea kwenye matope na funza, anatundika vichwa na mifupa ya sangara kwenye vichanja, jicho lake moja limeharibiwa na hewa kali ya samaki waliooza. Wakosoaji walisema mapanki yale ni ya chakula cha mifugo. Watetezi walisema ni chakula cha watu. Mtu yeyote wa kanda ya ziwa angewaambia wote wawili kwamba mapanki hukaangwa na huliwa, na pia husagwa kulisha kuku, inategemea yametoka kiwandani lini na nani amewahi kuyanunua. Kamera haielezi yale ya vichanjani yalikuwa yanakwenda wapi. Hilo ndilo swali la kumuuliza Sauper, na halihitaji shahada ya filamu, linahitaji kujua mwalo.

Mtu wa mwalo angeuliza na mengine. Mbona karibu kila mvuvi tunayemwona ameanguka, wakati kuna watoto waliosomeshwa na kuna nyumba zilizoezekwa bati kwa pesa za sangara? Mbona wachuuzi wa kike wa dagaa hawaonekani? Na wapi mabondo, yaani vibofu vya sangara, ambayo leo kilo yake inapita bei ya minofu mara nyingi na yanasafirishwa mpaka China? Yeye pia angemtetea Sauper pale wakosoaji wa Paris walipoona chumvi, maana ujira duni wa mlinzi na hofu yake ya usiku si mambo ya kubuni kwa watu wa hapa.

Tangu wakati huo Tanzania imepeleka Oscar filamu yake ya pili, Vuta N'Kuvute ya Amil Shivji, mwaka 2022. Ya kwanza ilikuwa Maangamizi, mwaka 2001. Zote mbili hazikuteuliwa. Zanzibar ina tamasha la filamu la ZIFF tangu 1998, na Bodi ya Filamu sasa inatoa tuzo za taifa. Kinachopungua ni kurasa za uhakiki kwa Kiswahili zinazochambua filamu kipande kwa kipande kabla tuzo hazijatangazwa. Mabanda umiza yetu yamejaa vijana wanaojua kubishana saa nzima kwa nini mwigizaji kafa mapema. Wawekewe filamu ya Sauper, waachwe waitazame mpaka mwisho, kisha waulizwe juu ya yale mapanki.