Ardhi ya Warusi, mikono ya Wachina: Kilimo mpakani mwa Mto Amur

KATIKA Mto Amur, unaotenganisha Urusi na China, mji wa Kirusi wa Blagoveshchensk na ule wa Kichina wa Heihe hutazamana kwa umbali usiofikia kilomita moja. Upande wa kaskazini kuna ardhi tele na watu wachache. Upande wa kusini, kwa miaka mingi, kulikuwa na wakulima wengi waliohitaji kazi na ardhi.

Umoja wa Kisovieti uliposambaratika mwaka 1991, mashamba ya serikali na ya ushirika yaliyotegemea ruzuku yalidhoofika. Wakazi wa Mashariki ya Mbali ya Urusi walipungua kutoka karibu milioni 8 mwaka 1989 hadi milioni 6.3 mwaka 2010, na mashamba mengi yakageuka mapori.

Pengo hilo lilizibwa kwa sehemu na Wachina, kwanza kama vibarua wa msimu, kisha kama wapangaji na wawekezaji. Walilima mboga katika vitalu nyumba na soya katika mashamba makubwa, kwa mtaji na zana kutoka kwao.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Urusi ya mwaka 2002 hairuhusu mgeni, wala kampuni ambayo wageni wana zaidi ya nusu ya hisa, kumiliki ardhi ya kilimo. Wanaweza kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 49. Aidha, kuanzia Aprili 1, 2007, wageni walizuiwa kuuza bidhaa rejareja masokoni.

Hata hivyo, masharti hayo yalizaa njia za pembeni. Baadhi ya mashamba yalikodiwa kwa jina la Mrusi, huku mlimaji na mwenye mtaji akiwa Mchina. Wanavijiji walilalamikia matumizi makubwa ya kemikali, nao wakulima wakalalamikia mikataba mifupi. Mpangaji asiye na hakika ya msimu ujao hana sababu ya kutunza rutuba ya udongo.

Hofu na takwimu

Mwaka 2015, mpango wa kuikodisha kampuni ya Kichina hekta 115,000 katika Jimbo la Zabaykalsky kwa miaka 49 ulizua upinzani mkali na haukutekelezwa. Mwaka uliofuata, Urusi ilianza kuwagawia raia wake hekta moja bure katika Mashariki ya Mbali, wageni wakiwekwa kando.

Hofu hiyo ina mizizi katika historia, kwani Urusi ilitwaa sehemu kubwa ya eneo hilo kutoka China kwa mikataba ya 1858 na 1860. Lakini hata upande wa pili watu wanapungua: wakazi wa jimbo la Heilongjiang walishuka kutoka milioni 38 mwaka 2010 hadi chini ya milioni 32 mwaka 2020.

Urusi ilipofunga mpaka mwaka 2020 kwa sababu ya virusi vya corona, vibarua walishindwa kuvuka, uzalishaji wa mboga ukayumba na bei zikapanda. Juni 2022, daraja la magari kati ya miji hiyo miwili lilifunguliwa kwa mizigo, na soya ni miongoni mwa mazao yanayoelekea China.

Kwa wakazi wa mpakani, suala si umiliki wa ardhi pekee, kwani huo sheria imekwisha kuuamua. Lililobaki ni nani atakayelima, na kwa mkataba wa namna gani.