Hesabu za Moli na Mtihani wa IIT

Mazoezi ya hesabu za kemia kwa ajili ya mtihani wa kujiunga na vyuo vya teknolojia vya India, yaani IIT, yamebadilika kila mtihani wenyewe ulipobadilika. Chuo cha kwanza kilianzishwa Kharagpur mwaka 1951, katika majengo ya iliyokuwa kambi ya mahabusu ya Hijli. Vikafuata vya Bombay, Madras, Kanpur na Delhi, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 vikawa na mtihani mmoja wa pamoja uliojumuisha fizikia, kemia na hisabati.

Kwa miongo kadhaa sehemu kubwa ya alama ilitokana na kazi iliyoandikwa kwa mkono, hatua baada ya hatua. Aliyekosea kujumlisha mwishoni bado aliweza kuambulia alama za njia. Mazoezi yalianzia kwenye moli, yaani kipimo cha kiasi cha dutu, kisha gesi, msawazo wa kemikali, asidi na besi, hadi kasi ya mmenyuko. Asiyejua kubadili gramu kuwa moli hakufika popote.

Swali moja limezeeka vitabuni na bado linanasa watu. Asidi ya hidrokloriki yenye moli 10⁻⁸ kwa lita ina pH gani? Anayekimbilia kanuni ya pH, yaani logi hasi ya wingi wa ayoni za hidrojeni, huandika 8, na hapo asidi imekwisha kugeuka besi! Asidi hiyo ni kidogo mno hata ayoni za hidrojeni zinazotoka kwenye maji haziwezi kupuuzwa. Zikihesabiwa zote hufika takriban moli 1.05 × 10⁻⁷ kwa lita, na pH huwa 6.98. Ili kuhesabu bila kikokotoo, logi ya 2 (0.301) na ya 3 (0.477) zilikaririwa kama jedwali la kuzidisha.

Tuisheni ilikua sambamba na ushindani. Katika miaka ya 1970 Brilliant Tutorials ya Madras ilituma masomo na maswali kwa posta, na mwanafunzi wa mji mdogo akayafanya peke yake nyumbani. Kitovu kikahamia Kota, mji wa viwanda huko Rajasthan. Mhandisi V. K. Bansal wa kiwanda cha J. K. Synthetics, aliyekuwa akidhoofishwa na ugonjwa wa misuli, alianza kufundisha hisabati nyumbani kwake katika miaka ya 1980, na mwaka 1991 akaanzisha Bansal Classes. Kiwanda kilipofungwa, tuisheni ndiyo iliyoulisha mji. Karatasi za maswali ya kila siku zikawa desturi ya vituo vya Kota.

Mwaka 2006 mtihani wote ukawa wa kuchagua majibu, na jibu lisilo sahihi likakata alama. Alama za njia zikatoweka. Mazoezi yakageuka mbio: kukadiria, kuangalia vizio, kuondoa majibu yasiyowezekana. Kasi iliongezeka, lakini ule uzoefu wa kujieleza kwa maandishi ulipungua, na hasara hiyo si ndogo kwa mhandisi wa kesho.

Tangu 2013 kuna ngazi mbili, Main na Advanced. Advanced ilihamia kwenye kompyuta mwaka 2018, na baadhi ya maswali yakamtaka mtahiniwa aandike namba yenyewe hadi desimali mbili, bila chaguo la kubahatisha.