Kutoka Budapest hadi Kiyovu: lugha ya Kihungari na mchango wa Wahungari katika sinema

Katika eneo la Kiyovu, mjini Kigali, ipo Hôtel des Mille Collines, ambako watu zaidi ya 1,000 walijihifadhi wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Walimwengu wengi wanaijua hoteli hiyo kwa filamu ya Hotel Rwanda ya mwaka 2004. Lakini sehemu kubwa ya filamu hiyo ilipigwa Afrika Kusini, na wahusika wake husema Kiingereza. Tukio la Kiyovu liliufikia ulimwengu bila mji wake na bila lugha yake.

Wahungari nao wameishi na swali hilo la lugha na picha tangu sinema ilipoanza.

Kihungari husemwa na watu wapatao milioni 13, wengi wao wakiwa Hungaria kwenyewe, na wengine Romania, Slovakia na Serbia. Kimezungukwa na lugha za Kislavoni, Kijerumani na Kiromania, wala hakina undugu na yoyote kati yake. Ndugu zake wa karibu, Kikhanti na Kimansi, husemwa na watu wachache huko Siberia ya magharibi. Kifini na Kiestonia ni jamaa wa mbali.

Msemaji wa Kiswahili, hata hivyo, hatakiona kigeni kabisa. Neno szeretlek lina maana ya "nakupenda", na kama lilivyo neno letu, au ndagukunda la Kinyarwanda, limebeba mpendaji na mpendwa kwa pamoja. Ház ni nyumba. Ukisema házban umesema "nyumbani", kwa maana ya ndani ya nyumba, na kiambishi -ban kimefanya kazi ya -ni. Neno ő ni "yeye", awe mwanamume au mwanamke. Jina la ukoo hutangulia: mtu aliyeitwa Alexander Korda mjini London, kwao aliitwa Korda Sándor.

Lugha isiyo na jamaa jirani huwa ukuta kwa msanii anayetaka kusikika mbali. Filamu zisizo na sauti hazikuujua ukuta huo. Béla Balázs, mzaliwa wa Szeged, alichapisha mwaka 1924 kitabu kilichoeleza kwamba sinema imeurudishia uso wa binadamu uwezo wa kusema. Kitabu hicho alikiandika kwa Kijerumani, akiwa uhamishoni Vienna.

Misukosuko ya kisiasa ya mwaka 1919 iliwatoa Budapest waongozaji wengi. Korda alifika Uingereza, akaanzisha kampuni ya London Films mwaka 1932. Kertész Mihály alikuwa Michael Curtiz huko Hollywood, akaongoza Casablanca ya mwaka 1942, iliyompatia tuzo ya Oscar. Kiingereza chake kibovu kilikuwa kichekesho cha studio nzima, lakini kamera ilimtii. Baada ya maasi ya 1956 vijana wawili, Vilmos Zsigmond na László Kovács, walivuka mpaka wa Austria wakiwa na filamu walizozipiga wakati wa mapigano. Wote wawili wakawa wapiga picha mashuhuri wa Marekani. Si ajabu kwamba walichagua kamera, chombo kisichohitaji mkalimani.

Wahungari hao walifika hata Afrika Mashariki, na huku hawakuwa wao walionyamazishwa. Zoltán Korda, ndugu yake Alexander, aliongoza Sanders of the River ya mwaka 1935, filamu iliyousifu utawala wa kikoloni na ambayo nyota wake, Paul Robeson, aliijutia baadaye. Miongoni mwa waigizaji wadogo alikuwemo Mkenya aliyekuwa akisoma London, Jomo Kenyatta.

Mwaka 1950 ikatoka King Solomon's Mines, iliyoongozwa na Mwingereza Compton Bennett pamoja na Andrew Marton, mzaliwa wa Budapest. Ilipigwa Kenya, Uganda, Tanganyika, Kongo ya Wabelgiji na Ruanda, kwenye mji wa Astrida, ambao leo ni Huye. Umbo, mavazi na ngoma za Wanyarwanda vilipamba sehemu ya mwisho ya filamu, lakini hadithi haikuwa yao. Katika orodha ya waigizaji, Siriaque, Sekaryongo na Baziga wametajwa kwa jina moja moja, kisha likafuata neno "kabila".

Hungaria yenyewe iliufikia ulimwengu kwa lugha yake polepole. István Szabó alipata Oscar kwa Mephisto ya mwaka 1981, iliyo kwa Kijerumani. Son of Saul ya László Nemes ilipata tuzo hiyo mwaka 2016, na humo Kihungari husikika pamoja na Kijerumani na Kiyidi ndani ya kambi ya Auschwitz. Wayahudi zaidi ya 400,000 walisafirishwa kutoka Hungaria kwa muda wa wiki nane tu za mwaka 1944, nusu karne kamili kabla ya Kigali. Nemes haonyeshi maiti waziwazi. Kamera hushikamana na uso wa mtu mmoja, na mengine huachiwa sikio.

Rwanda nayo imepita njia hiyo. Munyurangabo ya mwaka 2007, ya Mmarekani Lee Isaac Chung, hutajwa kuwa filamu ndefu ya kwanza ya kubuni iliyosemwa kwa Kinyarwanda. Ilitengenezwa pamoja na vijana aliowafundisha Kigali. Joel Karekezi, Mnyarwanda, alitwaa tuzo kuu ya FESPACO mjini Ouagadougou mwaka 2019 kwa filamu kuhusu askari wawili waliopotea msituni Kongo. Na katika Neptune Frost, iliyopigwa Rwanda na kuonyeshwa Cannes mwaka 2021, wahusika husema Kinyarwanda, Kirundi, Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili, na mtazamaji wa Paris ndiye anayesoma tafsiri chini ya picha.