Mgeni Mwenye Nyumba

Katika mji wa Katoro, kando ya barabara kuu itokayo Geita kwenda Bukoba, chumba cha kupanga hutafutwa kuliko shamba. Wachimbaji wa dhahabu, wachuuzi wa nguo, mafundi, mama lishe na watumishi wa Serikali, wote wataka mahali pa kulaza ubavu. Na mtu mwenye vyumba sita vilivyoezekwa mabati, vikitazama ua mmoja, amejipatia mali isiyongoja mvua. Wenyeji wa kale wa upande ule ni Wazinza, na Wasukuma wamehamia kwa wingi; lakini leo mwenye nyumba aweza kuwa Mha, Mhaya, Mkurya au Mchaga, wala kabila lake halimzuii kununua kiwanja. Swali la sheria ni jingine: je, mwenye nyumba ni raia?

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 husema kwamba asiye raia hapewi ardhi ya Tanzania ila kwa ajili ya uwekezaji uliokubaliwa na Serikali, na hata hapo haki apewayo ni haki iliyotokana na haki ya mwingine. Kampuni ambayo wengi wa wenye hisa zake si raia huhesabiwa kuwa mgeni vile vile. Basi mtu wa nchi nyingine aliyeona faida ya vyumba vya Katoro hawezi kununua kiwanja kama anunuavyo gunia la mpunga. Msomaji aweza kudhani kwamba katazo hili ni la jana. Asili yake ni ya mbali, wala haifahamiki vema mpaka ijulikane ni nani waliojenga nyumba za kupangisha katika nchi hii, na kwa fedha ya nani.

Wajerumani walitangaza mwaka 1895 kwamba ardhi isiyokuwa na mwenyewe ni mali ya dola yao. Waingereza waliowafuata, kwa sheria yao ya mwaka 1923, waliiweka ardhi ya Tanganyika, isipokuwa ile iliyokwisha kumilikiwa kwa hati za zamani, chini ya mamlaka ya Gavana, na mtu akapewa haki ya kuikalia kwa muda usiozidi miaka 99. Kwa hiyo aliyejenga mjini alinunua kuta na miaka, udongo hakuununua. Jambo hili halikuwatisha wafanyabiashara wa Kihindi, maana miaka 99 ni mingi kwa mtu aliyekuja na sanduku moja.

Mkopo wa kwanza wa mtu huyo haukuwa wa benki. Ulikuwa wa bidhaa. Alidina Visram, aliyetoka Kutch na kufariki mwaka 1916, alikuwa na maduka tangu Bagamoyo hata Uganda, na kijana aliyetoka India aliweza kuanzia hapo au kwa tajiri mwingine mfano wake: akapewa nguo na chumvi kwa imani, akalipa kwa ngozi, ufuta au pamba. Faida ilipotuna alijenga duka mbele na chumba cha kulala nyuma; ilipotuna tena akapandisha ghorofa, akampangisha mwenzake. Tajiri alimdhamini kwa sababu alimjua babaye. Hiyo ndiyo iliyokuwa rehani yake.

Baadaye imani hiyo ikawekwa katika vyombo. Mwezi Agosti 1946 Aga Khan wa Tatu alipimwa kwa almasi mjini Dar es Salaam, na thamani yake ikarudishwa kwa jumuiya ya Waismailia iwe mtaji wa kukopesha biashara na ujenzi wa nyumba. Mambo ya dunia yana mizaha: huko Mwadui, karibu na Shinyanga, almasi zilikuwa zikichimbwa tangu mwaka 1940 katika mgodi wa John Williamson, na Msukuma aliyezitoa ardhini hakuwa na chombo chochote cha kumkopesha fedha ya kujengea.

Wala hakuachwa bila mkopo kwa bahati mbaya. Palikuwa na sheria ya mwaka 1931 iliyozuia mkopo kwa Waafrika: mfanyabiashara asiye Mwafrika hakuweza kumdai Mwafrika deni mahakamani ila mkopo uwe umekubaliwa na Serikali kwa maandishi. Waliotunga sheria walisema wanamlinda mnyonge asinyang'anywe mali yake kwa madeni. Ulinzi huo ulimlinda hata na maendeleo. Mwafrika wa mjini aliyetaka nyumba alijenga kwa mshahara wake, mti baada ya mti na udongo baada ya udongo, nyumba ile ya vyumba sita yenye ujia katikati na ua nyuma. Akakaa chumba kimoja na kupangisha vitano. Kariakoo ilijengwa na watu wa namna hiyo, wanaume na wanawake. Lakini nyumba ya udongo haiwi dhamana ya ghorofa.

Tofauti hii ndiyo iliyomshughulisha Julius Nyerere mwaka 1958. Serikali ya kikoloni ilipofikiri kuwaruhusu watu kumiliki ardhi moja kwa moja na kuiuza, yeye aliandika makala iliyoitwa "Mali ya Taifa" kuipinga. Hoja yake ilikuwa nyepesi kufahamika: ardhi ikiwa bidhaa ataipata mwenye fedha, na wenye fedha walikuwa wageni, baada ya miaka michache wenyeji watakuwa wapangaji katika nchi yao. Uhuru ulipopatikana, ardhi iliyomilikiwa kwa hati za zamani ikageuzwa mwaka 1963 kuwa ya kukodi kwa Serikali, na mwaka 1962 lilikuwa limekwisha kuundwa Shirika la Nyumba la Taifa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likaenda mbali zaidi: kiongozi wa chama au wa Serikali hakuruhusiwa kuwa na nyumba ya kupangisha. Kodi ya nyumba ikahesabiwa pamoja na unyonyaji, nayo ikafananishwa na mrija.

Mwezi Aprili 1971 ikapitishwa sheria ya kutwaa majumba. Rais alipewa uwezo wa kutwaa jengo lolote lenye thamani ya Shs. 100,000 au zaidi lililopangishwa. Jengo lililozidi umri wa miaka 10 halikulipiwa fidia, maana lilihesabiwa kuwa limekwisha kurudisha gharama yake kwa kodi. Na lililopungukiwa na umri huo lililipiwa kwa kadiri ya miezi iliyosalia. Majengo karibu 3,000 yakaingia mikononi mwa Msajili wa Majumba. Wako waliolala usiku ule wakiwa wenye nyumba, wakaamka wapangaji katika vyumba vile vile.

Sheria hiyo yastahili kusomwa kwa utulivu, kwa kuwa imesemwa vibaya pande zote mbili. Haikutaja Mhindi. Haikutaja mgeni. Iliuliza bei ya jengo na kama lina mpangaji, basi. Hata hivyo wengi mno katika wale walionyang'anywa walikuwa Wahindi, na kati yao walikuwamo raia wa Tanzania waliokuwa wamechagua uraia kwa hiari baada ya Uhuru. Wako walioona katika jambo hili chuki ya rangi iliyofichwa. Wengine waliona haki isiyojua rangi. Lakini mzani ulikuwa umekwisha kuinama miaka 40 kabla, siku ile mkopo ulipofunguliwa kwa mmoja na kufungwa kwa mwingine. Ni nani mwingine angekuwa na ghorofa ya shilingi laki moja mwaka 1971? Sheria ya 1931 ndiyo iliyowachagua watu ambao sheria ya 1971 iliwakuta.

Wala si wote walikuwa matajiri. Kwa mfanyabiashara mdogo asiye na pensheni, nyumba ndiyo iliyokuwa uzee wake na mahari ya binti zake. Wengi wakaondoka kwenda Uingereza na Kanada. Huko, katika miji kama Leicester, wakanunua nyumba kwa mikopo ya benki, wengine wakapangisha vyumba kwa ndugu waliofuata: wageni tena, wenye nyumba tena, lakini safari hii udongo wakauziwa pamoja na kuta.

Nyumba za udongo za Geita hazikuguswa, kwa kuwa thamani yake haikukaribia laki. Mgodi wa zamani wa Geita, uliofunguliwa katika miaka ya 1930, ulikuwa umefungwa mwaka 1966. Mwaka 1990 kazi ya Msajili wa Majumba ilitiwa katika Shirika la Nyumba la Taifa. Mwaka 1991, kule Zanzibar, chama kikalegeza masharti ya viongozi, na kiongozi akaweza tena kuwa na nyumba ya kupangisha. Mgodi mkubwa wa Geita ukaanza mwaka 2000, na miji ya barabarani ikafura.

Sheria ya rehani za nyumba ikatengenezwa upya mwaka 2008. Lakini benki hutaka hati, na mjenzi wa miji inayokua hivi aghalabu hana hati. Hujenga kama babu yake wa Kariakoo, tofali kwa tofali, kwa fedha ya dhahabu au ya mpunga, kisha humtoza mpangaji kodi ya miezi sita kabla hajaingia. Mwezi Julai 2025 Serikali iliwakataza wasio raia biashara 15, miongoni mwake uchimbaji mdogo wa madini na udalali wa nyumba na ardhi. Kwa mgeni mwenye fedha asiyetaka kupitia mlango wa uwekezaji imebaki njia ya uchochoroni, nayo ni kuazima jina la raia. Aliyeazima akidhulumiwa hana hoja ya kupeleka mahakamani, na aliyeazimwa akifa, watoto wake hurithi nyumba ambayo hakuijenga.

Karatasi ya mauziano ya kiwanja, iandikwayo mbele ya mwenyekiti wa mtaa, hutaja muuzaji, mnunuzi, mashahidi na mipaka: upande huu njia, upande ule ukuta wa jirani, nyuma mwembe. Fedha imetoka kwa nani haiandikwi.