Kabla ya Chupa, Mvinyo Haukuwa na Uzee

Leo mvinyo wa zamani ndio wenye bei. Chupa ya Bordeaux iliyolala ghalani miaka thelathini hufunguliwa kwa uangalifu, ikazungumziwa kwa sauti ya chini, na bei yake haitajwi mbele ya watoto. Mfanyabiashara wa London wa karne ya 14 angeshangaa kusikia hivyo. Kwake yeye mvinyo mpya ndio uliokuwa ghali. Wa mwaka jana aliuachia kwa bei yoyote, ilimradi uondoke.

Zama hizo Bordeaux, ambayo leo iko Ufaransa, ilikuwa chini ya wafalme wa Uingereza, hali iliyodumu karibu miaka 300 hadi 1453. Kila mwaka baada ya mavuno, meli ziliondoka huko zimesheheni mapipa ya mvinyo uliochachuka wiki chache tu zilizopita. Zikishatia nanga Uingereza kabla ya Krismasi, bei ya mvinyo wa zamani ilianguka. Chanzo kilikuwa pipa lenyewe. Kila unapochota, hewa inaingia kujaza nafasi iliyoachwa, na bakteria wanaopenda hewa hiyo hugeuza kileo kuwa siki. Kufikia kiangazi, pipa lililokuwa tamu Desemba lilishaanza kukwaruza koo. Kwa hiyo mvinyo wote, wa mfalme na wa baharia, ulinywewa haraka.

Warumi walikuwa wamefika mbali zaidi. Waliuhifadhi kwenye mitungi ya udongo iliyopakwa lami ya misonobari kwa ndani na kuzibwa mdomo sawasawa. Mavuno ya mwaka 121 KK, enzi ya konsuli Opimius, yalipata sifa kubwa kiasi kwamba mwandishi Mrumi Plinio Mzee, aliyeandika karibu miaka 200 baadaye, anasema mvinyo wake ulikuwa bado upo, ingawa ulishakuwa mzito kama asali chungu. Mvinyo wa zama hizo ulifika hata kwetu. Periplus ya Bahari ya Eritrea, kitabu cha wafanyabiashara wa karne ya 1 kilichoandikwa kwa Kigiriki, kinautaja miongoni mwa vitu vilivyoletwa pwani ya Azania, yaani Afrika Mashariki. Haukuletwa kuuzwa. Ulikuwa wa kuwakirimu wenyeji ili wawapokee wageni vizuri. Taratibu pipa la mbao likashika nafasi ya mtungi, na Dola ya Roma ya magharibi ilipoporomoka, ufundi wa kuzeesha mvinyo ukapotea kwa zaidi ya miaka elfu.

Ulirudi kwa njia ambayo hakuna mkulima wa mizabibu aliyeitarajia. Mwaka 1615 Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza alipiga marufuku kuni katika matanuri ya vioo, kwa kuwa miti ilihitajika kuundia meli za vita. Mafundi wakahamia makaa ya mawe. Moto wake ulikuwa mkali zaidi, na kioo kilichotoka humo kilikuwa kinene, cheusi na kigumu kuvunjika, tofauti kabisa na chupa nyembamba za awali zilizofaa kupamba meza tu. Sir Kenelm Digby ndiye anayetajwa sana katika kuikamilisha chupa hiyo. Kizibo kilitoka Ureno na Hispania: gome la mwaloni, linalobonyea likiingia shingoni na kutanuka kubana likishaingia.

Samuel Pepys, mtumishi wa serikali wa London aliyeandika shajara maarufu, anatuonyesha mabadiliko hayo yakitokea. Aprili 1663 aliandika kwamba amekunywa mvinyo wa Kifaransa aliouita Ho Bryan, wenye ladha nzuri ya kipekee. Huo ndio Haut-Brion, ambao mpaka leo uko katika daraja la kwanza la Bordeaux. Oktoba mwaka huohuo alikwenda kuangalia chupa zake mpya zenye nembo yake, zikiwa zimeshajazwa mvinyo.

Hata hivyo chupa za Pepys zilikuwa na tumbo la mviringo, hivyo zilisimama tu. Kizibo kikikauka hunywea, na hewa hupenya. Ilichukua takriban miaka mia moja zaidi kwa chupa kurefuka na kunyooka ubavu ili ilazwe, mvinyo ukilowesha kizibo muda wote. Naliona badiliko hilo dogo la umbo kuwa kubwa kuliko orodha ya madaraja ya Bordeaux ya 1855 ambayo watu huikariri. Orodha ile ilipangwa na madalali kwa kufuata bei za sokoni. Chupa ya kulala ndiyo iliyowezesha mvinyo ustahili bei hizo.

Ndani ya chupa iliyozibwa vizuri, tanini, ile kemikali inayokausha ulimi kama chai iliyokolea, huungana taratibu na rangi na kutua chini kuwa mashapo. Ukali hupungua. Harufu ya matunda mabichi hupisha harufu ya ngozi, tumbaku, majani makavu. Inamisha bilauri juu ya kitambaa cheupe utazame ukingo: mwekundu mchanga una zambarau, mzee una rangi ya tofali. Hapo umri unauona kabla hujaonja.

Lakini si kila mvinyo una cha kubadilika. Usio na tanini na uchachu wa kutosha hauzeeki, unachakaa tu. Sehemu kubwa ya mvinyo wa duniani leo hutengenezwa unywewe mapema, ukiwa bado na uchangamfu wa zabibu, na sioni kwa nini uonwe duni. Beaujolais Nouveau hutoka kila Alhamisi ya tatu ya Novemba, wiki chache baada ya mavuno, na Wafaransa wenyewe huisubiri. Dodoma nako, ambako mizabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka kwa kuwa hakuna baridi kali ya kuilaza usingizi, mvinyo mwingi ni wa aina hiyo. Ukinunua chupa ya mwekundu wa huko, usiifiche kabatini kungoja harusi ya mtoto. Iweke kwenye friji nusu saa, maana joto la nyumba zetu huuzidishia mvinyo makali ya kileo, kisha imimine pamoja na nyama choma wiki hiyohiyo.