Ameacha besi mapema? Uliza kwanza ni kitabu gani

Hapa Uvira mtoto akisema anaenda ku mpira, ni mpira wa miguu. Lakini jamaa zetu walio Amerika wanalea watoto kwenye softiboli. Juzi binti ya dada yangu alinipigia simu: «Mujomba, mimi naacha timu. Wamenitoa juu niliacha besi mapema, eti naiba.» Kaka yake, mchezaji wa besiboli, ndiye alimfundisha kukimbia.

Softiboli ilianza Chicago mwaka 1887, ndani ya jengo. George Hancock ndiye aliibuni. Nafasi ilikuwa ndogo, na hata leo besi, vile vituo vya kukimbilia, zinaachana mita 18 hivi. Za besiboli ya wakubwa ni 27. Kwa umbali mfupi hivyo, anayetangulia kidogo tu anafika bila shida. Ndiyo maana softiboli ya kasi inamfunga mkimbiaji kwenye besi mpaka mpira utoke mkononi mwa mrushaji. Ile ya polepole, mpaka mpira upigwe ao umfikie mpigaji. Besiboli ya wakubwa inamwacha asogee mapema. Hatari ni yake.

Ni kama dereva wa kwetu akiingia Tanzania na kubaki kulia. Nilimwambia hakuiba, alifuata kitabu kingine. Kesho anarudi mazoezini.