Mauzo, Ijara na Kufuli la Mtengenezaji

Katika mlango wa miamala mafakihi wamepambanua baina ya mauzo na ijara. Mwenye kununua humiliki kitu chenyewe pamoja na manufaa yake. Mwenye kukodi humiliki manufaa tu, kwa muda uliotajwa, na matengenezo ya kitu hubaki juu ya mwenyewe. Kwa mpambanuo huu itafahamika vyema asili ya mvutano baina ya watengenezaji wa vifaa vya kielektroniki na wanaovinunua, hususan huko Marekani.

Kwa miaka mingi kampuni ya IBM haikuwa ikiuza mashine zake za kuhesabia, bali ikizikodisha. Aliyekodi hakuwa na la kusema kuhusu fundi wala kipuri. Mwaka 1952 serikali ya Marekani iliishitaki kwa kuhodhi soko, na shauri likaisha Januari 1956 kwa makubaliano yaliyothibitishwa na mahakama: IBM iuze mashine pia, na mafundi wasio wake wapatiwe vipuri na maelezo ya kiufundi.

Ama waliokuja baadaye, wao waliuza, kisha wakabakiza sharti. Lexmark, watengenezaji wa printa, waliuza katriji za wino kwa bei ya punguzo kwa sharti kwamba mnunuzi aitumie mara moja tu, asimpe mwingine ila airejeshe kwao. Ndani yake wakatia chipu ya kuzuia isijazwe tena. Mafundi waliishinda chipu ile, wakazijaza katriji na kuziuza. Kampuni ndogo ya Impression Products ikashitakiwa kwa kuvunja hataza, nayo ikakataa kusalimu amri hadi Mahakama ya Juu.

Tarehe 30 Mei 2017 mahakama hiyo iliamua kuwa mwenye hataza akishauza kitu, haki yake ya hataza juu ya kitu kile imekwisha, hata akishurutisha vipi. Jaji Mkuu John Roberts alipiga mfano wa karakana inayokarabati magari yaliyotumika na kuyauza: kazi yake ingekwama lau kila aliyeuza kipuri angeendelea kukidai. Hata hivyo mahakama iliacha wazi uwezekano wa kumdai mnunuzi kwa mkataba. Hapa Mashafi'i wamekwenda mbali zaidi, kwani kwao sharti la kumzuia mnunuzi asiuze alichonunua huifisidi akdi yenyewe.

Lakini hukumu ile ilihusu sharti lililoandikwa. Chipu haisomi hukumu. Simu za iPhone 6 zilizobadilishiwa kitufe cha alama ya kidole na fundi wa nje zilikuwa zikizima kabisa baada ya kuwekewa toleo jipya la programu, zikionyesha "Error 53". Apple ilieleza kuwa ni kinga ya usalama. Hoja hiyo ina uzito, kwani kidole ndicho kinachofungua fedha za mtu. Lakini kukizuia kitufe kisisome kidole ni jambo moja, na kuiua simu nzima ni jambo jingine. Februari 2016 Apple wenyewe walitoa programu ya kuzifufua. Mwaka 2018 mahakama ya Australia iliwatoza faini ya dola milioni 9 za nchi hiyo, kwa kuwaambia wateja kuwa wamepoteza haki zao kwa sababu tu simu zilipita kwa fundi mwingine.

Kuanzia hapo mabunge ya majimbo yakaanza kuliangalia kufuli lenyewe. New York ilipitisha sheria ya ukarabati mwaka 2022, Minnesota na California mwaka 2023. Zote hizo zilishughulikia vipuri, zana na maelezo. Jimbo la Oregon, kwa sheria iliyotiwa saini na Gavana Tina Kotek Machi 2024, ndilo la kwanza kukataza kipuri kufungwa kwa programu kisifanye kazi sawasawa ila kwa idhini ya mtengenezaji. Apple ilikipinga kifungu hicho kwa hoja ile ile ya usalama. Katazo hilo linavihusu vifaa vilivyoundwa baada ya tarehe 1 Januari 2025; vilivyotangulia vimebaki na makufuli yake.